Nambari ya Saba

Tulichimba mashimo ishirini na manne
nyuma ya maabara ya chuo, Soroti,
palipokuwa na mihogo ya mpishi.
Kwenye shimo la tisa sululu ililia:
jiwe, mdogo wake lile jabali linaloutazama mji.
Ejoku akatema mate viganjani,
akasema, jiwe halijui tuna bajeti.

Siku ya kuchomelea vyuma, umeme ulikatika.
Tukacheka, kisha tukaacha kucheka,
tukakodi jenereta la fundi wa pili,
likanguruma siku mbili likibugia dizeli
ili tusimamishe kitu cha kulistaafisha.

Daktari Amuge alitaka mwinamo wa nyuzi kumi.
Jua letu liko utosini, alisema,
paneli zingeweza kulala chali kama watoto,
ila mvua nayo ipewe mteremko,
ioshe vumbi la Februari.
Nikapima kwa pima-maji, nikapima tena,
bolti kwa bolti,
mpaka kiputo kikatulia.

Mengine hayakuwamo kwenye mchoro.
Mbuzi wa jirani walikigundua kivuli
kabla hatujavuta waya.
Kunguru mmoja aliichagua paneli ya kumi na moja,
hiyo hiyo, kila asubuhi,
na kwenye kompyuta grafu yake ikaingia pengo
ambalo mwanafunzi aliliandikia kurasa tatu
kabla sijampeleka nje na kitambaa.

Lakini hatukuwa tunazijaribu paneli.
Paneli zinaijua kazi yao.
Tuliyokuwa tunaijaribu ni adabu:
mita saba, ndogo, nyeupe,
zikiulizana usiku kucha kupitia waya,
wewe umebakiwa na kiasi gani?
unaweza kungoja?
Betri ikishuka chini ya theluthi
gridi iamue yenyewe nani azimiwe kwanza.

Yenyewe.
Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa ngege.
Maana kabla ya yenyewe alikuwapo mtu,
Emuron wa mwaka wa nne,
na kalamu aliyoiazima kwangu,
akiandika orodha.
Moja, friji ya chanjo ya zahanati.
Mbili, pampu ya maji.
Tatu tuligombana nusu saa,
maktaba au ngazi za bweni la wasichana,
mpaka Amuge akagonga meza, bweni likashinda.
Maktaba ya nne. Seva ya tano.
Sita, jiko la kantini.
Saba, taa ya lango.

Aguti, mlinzi wa zamu ya usiku,
alikuwa amekuja kuchaji simu.
Akaisoma orodha kutoka chini kwenda juu,
labda ndivyo inavyosomwa ukiwa huko chini.
Basi mniambie saa, alisema.
Nije na tochi.

Alhamisi, wingu kutoka upande wa Kyoga
lilikaa juu yetu tangu asubuhi, halikunyesha, halikuondoka.
Saa moja na dakika arobaini na mbili usiku
betri ikagusa theluthi.
Hakuna aliyebonyeza kitu.
Friji iliendelea kuguna, pampu ikavuta,
bwenini mtu alikuwa anapiga pasi.
Maabara ikalipuka kwa vigelegele,
Emuron akamkumbatia Ejoku, Ejoku na vumbi lake.

Nikatoka kwenda langoni.
Giza la pale lilikuwa jipya,
lilikuwa na umri wa dakika sita.
Aguti alikuwa ameketi, tochi mdomoni,
daftari la matukio magotini, anaandika
kwa mwandiko uleule aandikao wizi na wageni.

Tukio: taa imezimika.
Sababu: imechaguliwa.

Safu ya tatu, hatua iliyochukuliwa,
aliiacha wazi.
Akaitoa tochi mdomoni,
akanimulikia ukurasa,
akaninyoshea kalamu.